Wazee, Nyuzi Zilizolegezwa na Mrithi wa Muziki wa Umma

Katika semina zetu za elimu ya siasa huku Masasi na Newala, kila tunapofika kwenye mada ya utamaduni hutokea ubishi uleule. Ndugu mmoja husimama akasema kwamba ngoma za asili ni masalio ya mfumo wa kikabila, na kwamba jamii inayotaka kwenda mbele haina budi kuyaacha nyuma. Ndugu mwingine husimama akasema kinyume chake: ngoma ni urithi wetu, zitunzwe, zichezwe kwenye sherehe, wageni waje wazione. Nimeendesha semina hizi kwa miaka mingi, nami nimefikia uamuzi kwamba ndugu hawa wawili wanakosea kosa moja. Wote wawili wanaizungumzia ngoma kana kwamba ni kitu, kama kinyago kilichowekwa rafuni. Hakuna anayeuliza juu ya mtu anayeijua ngoma hiyo: ana umri gani, anaishi kwa nini, na nani amekaa karibu yake akijifunza.

Nakusudia kulichambua suala hili kwa kuanzia mbali, katika visiwa vya Hawaii, halafu nirudi Dar es Salaam, halafu nyumbani kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Msomaji asishangae. Ubeberu ulipita njia zinazofanana katika bahari zote, na mara nyingine mtu huiona nyumba yake vizuri zaidi akiwa amesimama kwa jirani.

Gitaa si chombo cha asili cha Hawaii. Lililetwa na wachunga ng'ombe wa Mexico katika miaka ya 1830, Mfalme Kamehameha wa Tatu alipowaita wawafundishe watu wake namna ya kuwadhibiti ng'ombe waliokuwa wamegeuka kero. Ng'ombe wenyewe walikuwa wageni pia. Mbegu yao ililetwa na nahodha Mwingereza, George Vancouver, mwaka 1793. Wachunga wale wakawaachia wenyeji magitaa, na wenyeji wakayachukua, ila hawakuyapiga kama walivyoyakuta. Walilegeza baadhi ya nyuzi mpaka nyuzi zote sita, zikipigwa bila kushikwa, zikapatana. Dole gumba likashika besi, vidole vingine vikaimba. Mtindo huo huitwa kwa lugha yao kī hōʻalu, maana yake kulegeza funguo. Hapa pana jambo la kinadharia ambalo wanafunzi wangu hulipita haraka. Chombo cha kigeni hakikuwafanya watu wale kuwa wageni. Walikitia mikononi, wakakilegeza kikafuata masikio yao. Suala halikuwa chombo kimetoka wapi, lilikuwa nani anayekaza na kulegeza nyuzi.

Yaliyofuata tunayajua kwa sura, hata kama majina ni mapya kwetu. Mwaka 1893 wenye mashamba ya miwa na wafanyabiashara, wakilindwa na askari walioshuka kwenye meli ya kivita ya Marekani, walimpindua Malkia Liliʻuokalani. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa hivyo, na mwaka 1959 vikafanywa jimbo lake. Uchumi ulijengwa juu ya sukari na mananasi, halafu juu ya hoteli. Muziki nao ukagawanyika kufuata uchumi. Mbele ya hoteli ulichezwa muziki wa kumfurahisha mgeni, wa nyonga na mashada ya maua. Kule nyuma, kwenye baraza za wafanyakazi, wazee walipiga kī hōʻalu baada ya kazi, na kila ukoo uliificha namna yake ya kulegeza nyuzi. Inasimuliwa kwamba mpigaji aliweza kulegeza nyuzi zake kabla ya kuliweka gitaa chini, ili mwingine akija asijue zilikuwa zimewekwaje.

Siri hiyo ilikuwa silaha ya mnyonge. Mtu aliyenyang'anywa ardhi, lugha na serikali hubakiwa na vitu vichache visivyoweza kuandikwa katika hati ya mwenye shamba, na masikio yake ni kimojawapo. Lakini silaha hiyohiyo ina makali pande mbili. Mzee akifa na siri yake, hapotei mzee peke yake. Ilipofika miaka ya 1960 vijana wengi wa Hawaii hawakuujua mtindo huo, na walioujua walikuwa wamezeeka. Gabby Pahinui, ambaye sahani yake ya mwaka 1946 huhesabiwa kuwa mwanzo wa kī hōʻalu katika santuri, kwa miaka mingi alipata riziki yake kwenye kazi za barabara za mji wa Honolulu. Mtu mwenye hazina ya taifa kichwani alishika sepetu mchana, na gitaa jioni.

Nini kiliwageuza vijana wakaanza kuwafuata wazee hao? Si kampuni ya santuri. Katika miaka ya 1970 wananchi wa asili wa visiwa vile walianza kudai ardhi. Januari 1976 kikundi kidogo kilivuka bahari kukikalia kisiwa cha Kahoʻolawe, ambacho jeshi la maji la Marekani lilikuwa likikitumia kwa shabaha za mabomu. Mwaka huohuo mtumbwi mkubwa uitwao Hōkūleʻa ulisafiri hadi Tahiti kwa kufuata nyota na mawimbi tu, kama mababu walivyosafiri. Mwaka 1978 katiba ya jimbo ikaitambua lugha ya Kihawaii kuwa lugha rasmi. Muziki ulifufuka ndani ya mapambano hayo, si pembeni yake. Kijana aliyetoka kwenye maandamano ya ardhi alikwenda kumsalimu mzee mwenye gitaa kwa sababu sasa alijua kwa nini anamhitaji. Na mwaka 1973 mwanamuziki Keola Beamer alikuwa ameshatoa kitabu cha kufundishia kī hōʻalu. Siri iliyokuwa ya ukoo ikawa mali ya yeyote mwenye bidii. Naliona tendo hilo kuwa la kimapinduzi kuliko tamasha lolote.

Baadaye ubepari nao ulikuja, kwa adabu zote. Mpiga piano wa Marekani, George Winston, kupitia kampuni yake ya Dancing Cat, alianza mwaka 1994 kutoa mfululizo wa rekodi za wapigaji wakongwe, na nikiri bila kuzunguka kwamba kazi ile ilifanywa kwa heshima, wazee wakirekodiwa wakiwa peke yao na magitaa yao, sauti safi, bila makelele ya kuwapamba. Mwaka 2005 wenye tuzo za Grammy wakaanzisha tuzo ya muziki wa Hawaii. Baada ya mwaka 2011 wakaifuta. Kilichotolewa na soko kilichukuliwa na soko, na wenye muziki hawakuwa na kura. Ila kitabu hakikufutwa, na mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa hakufutwa.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ilikuwa na jambo ambalo Hawaii haikuwa nalo, nalo ni serikali yake yenyewe iliyotangaza kwamba utamaduni ni wajibu wake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Muziki wa dansi, ambao ulikuwa umeletwa na gramafoni na rumba ya Kuba, uliwekwa chini ya mashirika ya umma: NUTA Jazz ya wafanyakazi mwaka 1964, Polisi Jazz, bendi za Jeshi la Kujenga Taifa, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz, na mwaka 1978 Mlimani Park. Bendi hizo zilifanya lile walilolifanya wachunga ng'ombe wa Hawaii. Zililishika gitaa la kigeni na kulifundisha mwendo wa ngoma zetu, hata mitindo yao ikachukua majina ya ngoma za pwani, Msondo na Sikinde. Hayo ni mafanikio ambayo hakuna wa kutunyang'anya.

Lakini nadharia ya kweli haikimbii udhaifu. Umma ulimiliki vyombo, haukujenga utaratibu wa kumtunza mpigaji anapozeeka. Mwanamuziki aliyeacha bendi aliliacha gitaa. Nyimbo zake zilikuwa kwenye kanda za Radio Tanzania, naye hakuwa na nakala. Sheria ya Hakimiliki ilipopitishwa mwaka 1999, wengi waliotunga nyimbo za miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wameshazikwa. Na mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, bendi nyingi zilikwenda nayo.

Ndipo ikaundwa Shikamoo Jazz, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, Dar es Salaam. Ilikusanya wanamuziki wakongwe, miongoni mwao Salum Zahoro, mpiga gitaa na mwimbaji aliyetoka Kiko Kids ya Tabora, na Bi Shakila Saidi wa taarabu ya Tanga, aliyefariki mwaka 2016. Jina lenyewe ni hoja: bendi inayosalimiwa kabla haijaanza kupiga. Mwaka 1995 wazee hao walikwenda kupiga Uingereza. Anayewasikiliza katika rekodi zao atagundua jambo ambalo vijana wa studio hawalijui tena, nalo ni subira. Gitaa haliharakishi kumfikia mwimbaji. Linamwachia nafasi, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Cha-cha-cha yao ni ya watu waliocheza kwa miaka 40 katika kumbi ambazo hazina tena milango.

Swali la kisiasa ni hili: nani aliiunda? Msaada ulitoka katika shirika la Uingereza la kuwahudumia wazee, HelpAge. Nasema hivyo bila kejeli. Wale walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini hebu tuangalie maana yake. Mwanamuziki wa NUTA au wa Tabora alirudi jukwaani si kama mfanyakazi wa sanaa anayedai haki yake, bali kama mzee anayehudumiwa. Alisaidiwa kwa kuwa ana mvi, si kwa kuwa ana ujuzi. Na msaada wa namna hiyo, hata ukiwa na moyo mwema kiasi gani, humlisha mzee, haumpatii mwanafunzi. Shikamoo Jazz ilituachia rekodi nzuri. Haikutuachia darasa. Kosa si la wazee. Hata kanda za redio, zilipoanza kuhangaikiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili zihamishiwe katika mitambo ya kisasa, sauti iliyosikika zaidi ikipiga mbiu ilikuwa ya wageni waliochangisha fedha kupitia mtandao. Mtu huona haya kuandika hivi katika jarida la Chama, lakini tukiacha kuandika hapa tutaandika wapi?

Sasa nifike kwetu, maana kilichonifanya niandike hakiko Honolulu wala Dar es Salaam.

Mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na kupanda Newala. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijapoa. Misheni ya Masasi ilichomwa mwaka 1905. Mpango wake wa awali ulikuwa kwenda upande wa Kondoa Irangi, machafuko yakamzuia, akaletwa Kusini. Alikuja na askari, wapagazi, kamera ya picha za sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Akanasa nyimbo na ngoma za watu wa huku, pamoja na za wapagazi wake wa Kinyamwezi. Mitungi hiyo ilikwenda Berlin, katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1999 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Kumbukumbu za dunia! Lakini mjukuu wa aliyeimba, anayelima mihogo na kupulizia mikorosho yake dawa karibu na Shimo la Mungu pale Newala, hajawahi kuisikia sauti ya babu yake. Huu ndio uporaji usio na bunduki mkononi, ingawa bunduki zilikuwa zimesimama nyuma ya mashine wakati wa kunasa.

Wapo watakaosema: basi turudishiwe mitungi, suala liishe. Mimi nakubali nakala zirudi, na zirudi Masasi na Newala, si Dar es Salaam tu. Lakini sauti iliyonaswa haimfundishi mtu. Utasikia ngoma imelia. Hutajua ilipashwa kwenye moto kwa muda gani, wala mpigaji wa pili aliingia kwa kufuata mguu wa mchezaji au mkono wa mwenzake.

Nasi wenyewe tuliwahi kuchukua ngoma ya hapa tukafanya yaliyo karibu na hayo. Sindimba ya Wamakonde ilipandishwa jukwaani na Kikundi cha Taifa cha Ngoma katika miaka ya 1960, ikaenezwa shuleni na katika bendi za maonyesho nchi nzima mpaka ikawa karibu ngoma ya taifa. Nia ilikuwa njema: Mmakonde aliyekuwa akidharauliwa Dar es Salaam kwa chale zake usoni akaona ngoma yake inapigiwa makofi. Lakini ngoma iliyokuwa na siku zake, mambo yake ya unyago na jando, na watu wake wa kuiongoza, ilikatwa ikabaki dakika tano za kuzungusha kiuno, kisha wengine wakailalamikia kwamba haina heshima. Nani aliiondolea heshima? Wazee wa uwanda huu hawakuulizwa nini kinaweza kutoka nje na nini kibaki ndani. Tofauti na Hawaii ni kubwa. Kule wenye siri waliifungua wenyewe, kwa wakati wao, kwa watoto wao. Hapa ilifunguliwa na mtu mwingine, na kilichotoka kilikuwa ganda.

Tamasha la MaKuYa la Mtwara, ambalo jina lake limetokana na Makonde, Makua na Yao, lilijaribu kulisahihisha hilo kwa kuwaita wapigaji wa vijijini wenyewe. Nililiona, na vikundi vyake vizuri vilipiga vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu wa kuchomeka ardhini, kwa ukali unaomfanya mtu asahau kiti chake. Hata hivyo tamasha ni siku chache. Mwaka una siku nyingi.

Nitoe ushahidi wangu. Kuna mzee mmoja wa upande wa ukingoni, Newala, ambaye ni fundi wa dimbila. Wasioijua niwaeleze: ni vipande vya mti vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, hupigwa na zaidi ya mtu mmoja. Siku moja ofisi fulani ilimwita apige kwenye sherehe. Alifika saa mbili asubuhi na vipande vyake ndani ya kiroba. Mgeni rasmi alifika saa nane. Mzee alipewa soda, akaambiwa apige dakika tatu wakati mgeni anashuka garini, halafu muziki wa spika ukawashwa juu yake akiwa bado anapiga. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokaa kwenye viti vya mbele. Sikusimama. Najikosoa kwa hilo mbele ya wasomaji.

Juma lililofuata nilikwenda kwake na vijana wawili wa semina. "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu." Nikamweleza kwamba tunataka aje kuwapigia wanasemina. Akanitazama kwa muda, akauliza: "Mwalimu, mnataka nipige au mnataka mjue?" Sikuwa na jibu la haraka, na hiyo ilikuwa aibu ya pili.

Tulikubaliana Jumamosi, nyumbani kwake, si ukumbini. Alitupa masharti. Yanayohusu jando hatayagusa, na tusimuulize. Yanayohusu vipande vya dimbila atayatoa yote. Alichukua kipande kutoka darini juu ya meko, ambako huvitunza kwa moshi visiliwe na wadudu, akatuonyesha chini yake. Ukikwangua katikati, sauti hushuka. Ukikwangua ncha, hupanda. Ukikosea katikati unaweza kuokoa kidogo kwenye ncha, ukizidisha kote umepoteza mti. Hapimi kwa chombo kingine chochote. Hupiga, husikiliza, hukwangua tena. Nilikumbuka wale wa Hawaii na nyuzi zao: ujuzi wenyewe haumo katika wimbo, umo katika kukiweka chombo sawa kabla wimbo haujaanza. Aliyejifunza nyimbo bila hilo amejifunza kuazima.

Ndugu yangu mmoja katika kamati aliniuliza jambo hili lina faida gani kwa uzalishaji. Nilimjibu kwamba mzee yule analipwa sasa kwa Jumamosi zake, kwa mchango wa wanasemina wenyewe, kiasi kisichofikia bei ya kilo chache za korosho ghafi, na kwamba ni mara ya kwanza katika maisha yake kulipwa kwa kujua badala ya kwa kuburudisha. Hakuridhika. Alitaka tumfanyie mzee cheti. Cheti tutakifanya, sina ugomvi na karatasi, ila cheti hakikwangui mti.

Tulianza na vijana 9. Wamebaki 4, mmoja wao dereva wa bodaboda ambaye huja na helmeti yake na kuiweka chini ya mwembe. Huyo ndiye mwenye sikio. Jumamosi iliyopita alipewa kipande chake cha kwanza. Alikikwangua vizuri kwa saa nzima, sauti ikashuka mpaka karibu na pale mzee alipokuwa akiimba kwa mdomo uliofungwa, kisha akataka kuongeza kidogo, kikapasuka kwa urefu. Mzee hakumgombeza. Alikiokota, akakitia motoni chini ya sufuria, akasema mti mwingine wataukata masika yakiisha, maana wa sasa umejaa maji.